Nusu Iliyopotea kwa Miaka 17

Chukua kompyuta yenye Python ya zamani, ile ya familia ya toleo la 2, uiulize moja ukigawa kwa mbili unapata ngapi. Andika 1/2, bonyeza Enter. Itakujibu 0.

Hiyo haikuwa hitilafu. Ilikuwa kanuni, nayo ilidumu tangu Python ilipotoka mwaka 1991 hadi toleo la 3.0 la Desemba 2008. Mtoto aliyewahi kugawana embe na dada yake anajua kwamba jibu ni nusu. Lakini aliyekulia kwenye lugha ya C hashtuki: huko, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu nalo huwa namba kamili, na kinachobaki hutupwa. Sifuri ile iliwekwa kwa ajili ya huyu wa pili. Yule mtoto hakuwa akifikiriwa.

Kinachonivuta kwenye habari hii ni kwamba jibu la mtoto lilikuwa limeshapatikana kabla Python haijazaliwa. Lugha iliyoitangulia na kuilea, ABC, ilijibu nusu. Nusu kamili, bila kukadiria. Guido van Rossum, aliyeunda Python, aliitumikia ABC kwa miaka kadhaa. Aliijua nusu ile, akaiacha kwa makusudi, na sababu alikuwa nayo. Miaka 17 baadaye ikabidi irudishwe, tena kwa gharama kubwa. Katika safari hiyo ya nusu moja tunaona wazi jinsi zana ya kuandikia programu inavyochagua watu itakaowahudumia, na jinsi watu nao wanavyokuja kuibadilisha.

Lugha ya asiyetaka kuwa fundi

ABC ilitungwa CWI, taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta iliyopo Amsterdam, Uholanzi. Watunzi wake wakuu walikuwa Lambert Meertens, Leo Geurts na Steven Pemberton. Kazi ilianza katika miaka ya 1970, na kwa muda mrefu lugha hiyo iliitwa B. Shabaha ilikuwa kupata kitu cha kushika nafasi ya lugha ya BASIC: lugha ya mtu ambaye ana kazi yake nyingine, anataka kompyuta imsaidie kuifanya, wala hana haja ya kujua yaliyomo ndani ya mashine.

Kisa kimoja kinaonyesha walivyofanya kazi. Mwaka 1978 Meertens alikuwa Jabłonna, Poland, pamoja na wataalamu wenzake, wakiwemo Robert Dewar na Jack Schwartz. Walikuwa wakilinganisha namna mbalimbali za kuandika lugha hiyo. Waliandika programu moja, ya kupanga vitu kwa mfuatano, kwa kila namna waliyopendekeza, kisha wakabishana. Hawakuafikiana. Mwishoni wakamwita mke wa Dewar kutoka chumbani kwake, wakamwonyesha namna ya kwanza na kumweleza. Yeye akauliza swali moja: kumbe ule mstari unaoanza na FOR unahusu mistari yote inayofuata, si huo mmoja tu?

Wataalamu wale hawakuwa wamelifikiria hilo, kwa kuwa wao waliona lisingeweza kuwa vinginevyo. Hapo wakatambua kwamba kama mwisho wa mstari ule kungekuwa na nuktambili, swali lisingezuka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kila anayeandika Python leo anaiweka nuktambili hiyo mwishoni mwa if, for, while na def. Mashine ingeweza kufanya kazi bila hiyo, maana mistari ya chini imesogezwa ndani, na hilo pekee latosha kuijulisha kundi la amri linaanzia wapi. Nuktambili iko pale kwa ajili ya jicho la msomaji. Inamwambia: subiri, maelezo yanakuja. Ni alama ndogo, lakini ilipatikana kwa kumsikiliza mtu ambaye hakuwa mtaalamu.

Namba za ukweli, nyumba yenye kuta

Moyo huo huo ulitawala maamuzi mengine ya ABC. Lugha nyingi za wakati ule zilimtaka mtumiaji atangaze ukubwa na aina ya kila kitu kabla ya kukitumia. ABC ilikuwa na aina tano tu za data: namba, maandishi, vifurushi vya thamani, orodha na majedwali. Namba kamili ingeweza kuwa ndefu kiasi chochote ambacho kumbukumbu ya kompyuta ingekibeba. Sehemu zilitunzwa kama sehemu, kiasi juu na asili chini, kama tulivyofundishwa ubaoni. Ukijumlisha moja ya kumi na mbili ya kumi, ulipata tatu ya kumi sawasawa. Python ya leo ukiiandikia 0.1 + 0.2 inajibu 0.30000000000000004, kwa sababu inatumia hesabu ya mfumo wa 0 na 1 iliyojengwa ndani ya kichakataji, ambayo haiwezi kuitunza moja ya kumi bila kukadiria.

Amri ya kuweka thamani nayo ilisomeka kama sentensi: PUT 5 IN a, yaani weka 5 ndani ya a. Alama ya = ilibaki na kazi yake ya hisabati, kulinganisha. Amri ziliandikwa kwa herufi kubwa na majina ya mtumiaji kwa herufi ndogo, kwa hiyo hapakuwa na kuchanganya jina moja lililoandikwa kwa namna mbili. Kihariri cha ABC kiliijua lugha yenyewe: ulipoanza kuandika amri kilikupendekezea iliyobaki, na ulipofungua kundi jipya la amri kilisogeza mistari ndani chenyewe. Hata kuhifadhi kazi hakukuhitajika. Ulichokiweka kwenye kigeu leo, ulikikuta kesho ulipowasha tena.

Fikiria siku ya kwanza ya mwanafunzi mbele ya zana hiyo. Hakuna faili la kutafuta, hakuna aina za kutangaza, hakuna nusu inayogeuka sifuri. Sijui lugha nyingine ya zama zile iliyomheshimu mtu wa siku ya kwanza kiasi hicho.

Lakini mwanafunzi hakai siku ya kwanza milele. Siku ya mia anataka programu yake isome faili lililoandikwa na programu nyingine, na ABC haikuwa na njia ya kuufikia mfumo wa mafaili wa kompyuta. Ulimwengu wake uliishia kwenye kuta zake. Siku ya mia mbili anataka kuongeza uwezo ambao watunzi hawakuuwazia, na ABC ilijengwa kama jiwe moja, bila mahali pa kuchomeka kipande kipya. Orodha zake zilijipanga zenyewe kwa mfuatano daima. Jambo hilo ni faraja kwa anayepanga majina, lakini ni kikwazo kwa anayetaka mambo yabaki kama yalivyoingia. Hata maneno yake ya kazi yalitofautiana na yale yaliyozoeleka kwingine, hivyo aliyetoka nje aliyaona mageni, na aliyetoka ndani hakuweza kuzungumza na wa nje.

Namba zile kamilifu nazo zilikuwa na deni. Sehemu zikijumlishwa na kuzidishwa mara nyingi, kiasi na asili hurefuka bila mtumiaji kuona. Van Rossum ameeleza jinsi programu ya kawaida ya ABC, tuseme ya kukokotoa kodi, ilivyoweza kwenda polepole mno. Mtu alipochunguza alikuta mashine inabeba namba zenye tarakimu maelfu, ilhali mwishoni zilichapwa kwa tarakimu mbili au tatu tu. Ukweli kamili ulilipiwa kwa muda, na mtumiaji hakuwa ameulizwa kama yuko tayari kulipa.

Krismasi ya 1989

Mradi wa ABC ulikoma bila lugha hiyo kupata watumiaji wengi. Van Rossum alihamia mradi mwingine wa CWI uliohusu Amoeba, mfumo endeshi wa kuunganisha kompyuta nyingi zifanye kazi kama moja. Huko alihitaji zana za uendeshaji. Kuziandika kwa C kulichukua muda mrefu, na hati za amri za mfumo endeshi wa Unix hazikufaa kwa Amoeba. Pengo lilikuwa katikati. Wakati wa mapumziko ya Krismasi mwaka 1989 akaanza kuliziba, na Februari 1991 akatoa Python, toleo la 0.9.0, hadharani.

Mtu aliyemfikiria safari hii alikuwa mwingine: mwenzake wa ofisini, anayejua C na Unix, mwenye haraka. Tukimweka mtu huyo mbele yetu, kila uamuzi unaeleweka. Nuktambili na kusogeza mistari ndani vilibaki, kwa sababu msimbo unaosomeka unamfaa mtaalamu kama unavyomfaa mwanafunzi. Majedwali ya ABC yakawa kamusi za Python. Orodha ikaacha kujipanga, ikatunza mpangilio iliopewa. PUT 5 IN a ikawa a = 5, kwa sababu ndivyo mkono wa mtu wa C ulivyozoea. Mafaili yakafunguka. Kikubwa kuliko vyote, mtu yeyote aliweza kuandika moduli, yaani kipande cha nyongeza, kwa C na kuichomeka ndani ya lugha bila kumwomba mtunzi ruhusa.

Mlango huo ndio uliobeba kila kilichofuata. Katikati ya miaka ya 1990 Jim Hugunin aliunda Numeric, moduli ya hesabu za safu kubwa za namba. Kizazi chake ni NumPy ya Travis Oliphant, iliyounganisha juhudi hizo katikati ya miaka ya 2000. Wanasayansi waliifuata Python kwa ajili ya vitu hivyo, na kwa sehemu kubwa viliandikwa na watu wengine, si Van Rossum. ABC ilijaribu kukisia haja zote za mtumiaji wake. Python ilimwachia mahali pa kuongeza.

Na nusu? Kwa mtu wa C, 1/2 ni 0. Kwa hiyo ikawa 0.

Pale uamuzi unapohama bila nyumba yake

Kuna somo lingine ambalo wachambuzi hulipita haraka. Kusogeza mistari ndani kulikuwa uamuzi mzuri ndani ya ABC kwa kuwa kihariri chake ndicho kilichosogeza. Python iliuchukua uamuzi, ikakiacha kihariri. Watu wakaandika kwa vihariri vyovyote walivyokuwa navyo. Mmoja alibonyeza Tab, mwingine akaweka nafasi nne. Python ya zamani ilihesabu Tab kama hatua ya kufikia safu ya nane, ilhali skrini ya mtumiaji huenda iliionyesha kama nne. Hivyo mistari miwili iliyoonekana imenyooka sawasawa machoni, kwa mashine haikuwa sawa. Nimewahi kupoteza jioni nzima nikilitazama kosa la aina hiyo. Msimbo ulikuwa sahihi kwa kila nilichoweza kukiona.

Python 3 ilikomesha hali hiyo kwa kukataa mchanganyiko wenye utata wa Tab na nafasi. Ni marekebisho mazuri, ila yalichelewa, na chanzo chake ni kimoja: kanuni iling'olewa kutoka kwenye nyumba iliyokuwa inailinda. Anayeazima wazo zuri kutoka kwenye zana nyingine aulize kwanza huko lilikotoka lilishikiliwa na nini.

Waliofika bila kualikwa

Mafanikio yakabadilisha umati. Katika miaka ya 1990 kundi lililoongozwa na Randy Pausch, kwanza chuo kikuu cha Virginia na baadaye Carnegie Mellon, lilijenga Alice, zana ya kumwezesha mtu asiye mtaalamu kutengeneza michezo na hadithi za picha za pande tatu. Kwa lugha ya kuandikia walichagua Python. Kisha wakakaa na wanafunzi wasio wa sayansi, wakawatazama wakihangaika.

Vikwazo viwili vilijitokeza kuliko vingine. Cha kwanza ni kwamba Python huona jina lenye herufi kubwa na lile lenye herufi ndogo kuwa majina mawili tofauti. Cha pili ni 1/2. Mwanafunzi alitaka kitu kisogee nusu ya hatua, akaandika 1/2, na kitu kikabaki palepale bila ujumbe wowote wa kosa. Kundi la Alice likaibadilisha Python yake: herufi zisitofautishwe, na moja gawa kwa mbili iwe nusu.

Kikwazo cha pili ndicho kibaya zaidi, na si kwa wanafunzi tu. Programu inayosimama na kulalamika inakupa pa kuanzia. Inayoendelea kimya na jibu potofu inakufanya ujishuku mwenyewe. Zaidi ya hapo, katika Python aina ya namba haitangazwi. Mwanasayansi aliyeandika kanuni yenye a/b alipata jibu moja b ilipokuwa 2, na jingine b ilipokuwa 2.0, ilhali kwenye mstari wa msimbo hapakuwa na chochote cha kumwonya. Katika C aina zimeandikwa wazi, kwa hiyo kanuni ile ina mahali pa kusimama. Hapa tena, kanuni ilikuwa imehamishwa ikaacha kilichokuwa kinaibeba nyuma.

Mwaka 2001 Python 2.2 ilileta alama ya // kwa anayetaka jibu la namba kamili, na njia ya hiari ya kufanya / itoe nusu. Kuifanya nusu kuwa kanuni ya wote kulisubiri Python 3.0. Toleo hilo lilivunja programu nyingi zilizokuwa zikifanya kazi, kwa sababu hii na nyinginezo. Uhamaji ulikuwa mrefu: msaada rasmi wa Python 2 ulikoma tarehe 1 Januari 2020, zaidi ya miaka 11 baada ya 3.0 kutoka. Swali ambalo lingejibiwa kwa siku moja mwaka 1989 lilijibiwa kwa muongo mzima, kwa kuwa sasa lilikuwa na msimbo wa dunia juu yake. Tofauti ya herufi kubwa na ndogo haikuguswa kabisa. Hata namba kamilifu za ABC zilirudi, ila kama hiari: moduli ya fractions iliingia mwaka 2008, na anayezihitaji huziita na kukubali gharama yake.

Sauti ya zana

Hatua ya mwisho ya safari hii ndiyo ninayoiona ya thamani zaidi kwa wasomaji wetu. Kwa miaka mingi mtu akisahau nuktambili, Python ilimwambia tu kwamba sintaksia si sahihi. Akisahau kufunga mabano, mara nyingi ilinyooshea kidole mstari wa chini usio na kosa lolote. Sababu ilikuwa ya kiufundi: kichanganuzi cha zamani, yaani sehemu ya Python inayosoma msimbo, kilisoma alama moja moja, na kilipokwama hakikuwa na mengi ya kusema zaidi ya kwamba kimekwama. Mwaka 2020, toleo la 3.9 lilileta kichanganuzi kipya chenye uwezo wa kurudi nyuma na kujaribu tafsiri nyingine. Watunzi wakautumia uwezo huo kuandika kanuni za makosa yanayotokea kila siku. Toleo la 3.10 la Oktoba 2021 likaanza kusema kwamba mabano yale ya mstari ule hayakufungwa kamwe, kwamba jina uliloandika halipo ila lipo lingine linalofanana nalo, kwamba ulipoandika = huenda ulikusudia ==.

Hilo la mwisho ni deni la a = 5 likilipwa. Aliyetoka darasa la hisabati huisoma = kama usawa, na ABC ilimwelewa tangu mwanzo. Python haikuweza kurudi kwenye PUT, lakini iliweza kumwambia mtu kwa upole alipojikwaa.

Kwa mwanafunzi wa Morogoro au Kisumu anayejifunza programu kwa Kiingereza, lugha ambayo kwake mara nyingi ni ya pili au ya tatu, ujumbe wa kosa ndiyo sehemu ya zana anayoisoma mara nyingi kuliko mwongozo wowote. Maneno ya jumla humwacha peke yake. Maneno yanayotaja alama iliyokosekana na mahali pake anaweza kuyafuata hata kama Kiingereza chake kina mashaka, kwa sababu alama iko pale mbele ya macho yake.

Kwa hiyo ninayoyachukua kutoka kwenye habari ya ABC na Python ni mambo mawili, na nayashika yote pamoja. ABC inanifundisha kumtazama mtu wa siku ya kwanza kabla ya kuamua lolote, maana aliyezoea haoni tena kinachomkwaza mgeni. Python inanifundisha kumwachia mtu huyo mlango, maana atakua, na haja zake zitapita mawazo yangu. Aliye na la kwanza bila la pili hujenga chumba kizuri kinachobaki kitupu. Aliye na la pili bila la kwanza hupata umati, kisha hutumia miaka kumi na saba kuitafuta nusu aliyokuwa nayo mkononi.

Vijana wetu sasa wanajenga mifumo ya malipo, ya shule na ya zahanati, itakayotumiwa na watu ambao hawatakaa nao meza moja. Nawaomba, kabla ya kubishana tena kuhusu kitufe au jina la amri, wamwite mtu mmoja asiyehusika na mradi, wampe kazi aifanye, wakae kimya na kumsikiliza. Pale Jabłonna yalitosha maelezo ya mfano mmoja na swali moja. Miaka 43 baadaye, mtu anaposahau ile nuktambili, hatimaye Python inamwambia kwamba ni nuktambili ndiyo inayosubiriwa.